Jiwe Nililolifunua Kabla Halijapoa

Columbus, Ohio

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ambaye ametutenga kwa maji mengi lakini hajatutoa katika sala zako. U hali gani? Goti la kushoto bado linakusumbua ukishuka mtoni? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, alizaa? Sisi huku tu wazima. Mwenzangu Furaha bado anafanya kazi kwenye ghala la viatu, watoto wanasoma, na kila nikiwauliza neno kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza. Barua hii anakuletea mchungaji wetu, anayekuja Uvira kuwaona ndugu zake, maana kwenye simu siku hizi husikii vizuri, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema kwa kupiga kelele. Neema, wewe unayemsomea bibi yako, soma polepole na usiruke hata neno, hata pale ninapojiaibisha.

Mama, nimeharibu kitu cha mtu, na sijui la kufanya.

Unakumbuka nilikuambia kwamba namtunza mzee mmoja wa Kizungu kule Westerville. Namwita Mzee Roy. Kila asubuhi natoka hapa mtaani kwetu Northland kwa basi, namwogesha, namlisha, nakaa naye mpaka binti yake atoke kazini. Kichwa chake kimeanza kumwacha. Jina langu hulisahau mara tatu kabla hatujamaliza chai. Lakini mikono haijasahau kitu. Maisha yake yote amechonga mawe. Anachukua jiwe la gumegume, analigonga kwa pembe ya kulungu, vipande vinaruka, na mwisho ana ncha ya mkuki mkononi, nyembamba kama jani, kali ya kunyolea ndevu, kama walivyotengeneza watu wa kale wa nchi hii. Siku ya kwanza nilicheka moyoni: mzee mzima anacheza na mawe! Ndipo akaniambia kuwa mawe mengine lazima yapikwe kwanza ndiyo yachongeke, nami nikaacha kucheka. Nilimwambia mimi ni mtoto wa mfinyanzi. Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja, akasema, "Basi wewe unajua moto." Mama, tangu nifike nchi hii, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba kuna kitu ninachokijua.

Akanifundisha. Wachongaji wanatumia sufuria kubwa ya umeme, ile wanayochomea bata mzinga siku za sikukuu. Unajaza mchanga mkavu, unayazika mawe humo yasigusane, unafunika. Siku ya kwanza moto mdogo tu, wa kutoa maji, kwa sababu jiwe nalo lina maji ndani, kama chungu kibichi, na likishtuliwa na moto mkali linapasuka. Kisha unapandisha kidogo kidogo. Kisha unazima, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana kazi yenyewe ni kutogusa. Siku mbili nzima. "Usifungue mpaka lipoe," aliniambia, na siku ileile akaniambia tena labda mara kumi.

Wala mawe hayafanani. Ana sanduku la mbao lenye mawe ya kila upande. Nilipomwambia kwamba dada Nabintu yuko Louisville na mdogo wangu Bahati yuko Buffalo, alifurahi sana, akanitolea jiwe la kila mmoja. La upande wa Louisville ni la kijivu kilichoiva, la mviringo kama kiazi kikubwa, na limezaliwa laini, moto wa nini tena? La Buffalo ni kaidi. Ulipike usilipike ni lilelile, na ukilizidishia linakuvunjikia. Nilimpigia Bahati nikamwambia jiwe la kwao limemfuata tabia. Lakini la hapa Ohio, Mama, ndilo linalopenda moto. Linaingia limefifia kama uji uliolala, linatoka lina wekundu, linang'aa kama limepakwa mafuta, na ukiligonga linakutii.

Sasa sikia kosa langu. Mzee alikuwa na jiwe moja la Ohio, kubwa kama mkate, ambalo hakuwa amewahi kuligonga. Walilichimba pamoja na mwanawe wa pekee wa kiume, mwaka mmoja kabla ya kijana huyo kufa kwa ajali ya gari. Mikono ya Mzee imeanza kutetemeka, na daktari amesema itazidi. Akataka, kabla haijamwacha kabisa, achonge ncha moja kutoka katika jiwe hilo na kwenda kuiweka kaburini kwa mwanawe. Akanipa mimi nilipike. "Wewe unajua moto," akasema tena.

Nililipika vizuri, Mama. Nilikausha mchanga, nikapandisha moto taratibu, nikazima kwa wakati. Asubuhi iliyofuata nilikuta mfuniko ungali na joto. Mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti chake sebuleni, na mimi nilikuwa peke yangu gerejini na sufuria ile. Nilijua sitakiwi. Lakini mikono hii ni ya kwako. Chungu wewe ulikitoa motoni kingali chekundu, kwa mti mrefu, ukakinyunyizia maji ya magome kikalia, na ulikuwa ukituambia kwamba chungu kilichoachwa kupolea motoni ni chungu cha mvivu. Kweli mazoea yana taabu. Nikasema nitazame rangi tu. Nikafukua mchanga, nikalitoa kwa koleo. Lilikuwa zuri ajabu, jekundu kama jua linapozama nyuma ya milima yetu, na nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Nje kulikuwa na theluji, na mlango wa gereji haufungi vizuri chini. Lilitoa sauti moja ndogo, kama kijiko kikigusa kikombe. Nilipoliweka mezani likaachana vipande vitatu, na kila kipande kilikuwa na nyufa tele.

Nilimwambia siku hiyohiyo. Sikutaka kuficha. Alivishika vile vipande, akalia, akalitaja jina la mwanawe, akalia tena, nami nikalia pale sakafuni mbele ya magoti yake. Binti yake aliporudi nikamweleza yote. Hakunifukuza. Alinishika bega akasema, "Usijali, kesho hatakumbuka."

Na kweli, kesho yake hakukumbuka kwamba jiwe limevunjika. Alichokumbuka ni kwamba liko motoni. Nilipoingia tu akaniuliza, "Limepoa?" Nikamwambia ukweli mara ya pili, na akalia kama hajawahi kuusikia. Siku ya tatu akauliza tena, uso umejaa furaha, na mimi sikuweza. Nikasema, "Bado, Mzee. Lina moto." Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri," akasema. "Usifungue."

Nilitafuta jiwe lingine. Rafiki yake mmoja mchongaji alinipa la kilima kilekile, ukubwa uleule, nikalipika, na safari hii nikalinda siku mbili na nusu bila kugusa mfuniko. Lilitoka salama. Nikampa. Alilipitishia kidole gumba mara moja, akanirudishia. "Zuri," akasema, "lakini hili si letu. Letu limepoa?"

Nimempigia Bahati. Unamjua anavyosema, "Bon, yaya, ile haikuwe chungu ya mama! Sasa unamudanganya muzee kila siku, donc mpaka lini?" Nikamuuliza yeye angefanya nini. Akasema, "Siyuwi, yaya." Nabintu anasema niombe. Naomba. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua, na hakuna sala ya kuunga jiwe. Wiki hii pembe ya kulungu ilimponyoka mara mbili.

Mama, sasa nimefika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Baada ya kumzika Baba, bibi alikuwa anakuuliza kila asubuhi mwanawe yuko wapi, na wewe ulikuwa unamjibu, "Amepeleka ng'ombe sokoni, atarudi." Nilikukemea uani mbele ya wanawake wote. Nilikuwa nimetoka kubatizwa, najiona najua dhambi zote kwa majina. Nikaingia nikamwambia bibi mwenyewe kwamba Baba amekufa. Alipiga yowe lililowaleta majirani. Na kesho yake akauliza tena. Wewe hukunisema hata neno moja. Ulimfuta machozi, ukaenda kukanda udongo.

Nilidhani kwako ule uongo ulikuwa rahisi. Niambie, Mama, ulikuwa unautoa wapi kila asubuhi? Ulikuwa unamtazama machoni au unatazama chini? Mimi natazama chini.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na mjomba fundi wa baiskeli, mwambie miwani itakuja na mchungaji. Msalimie jirani yetu Mama Riziki anayekupa kaa la moto asubuhi, na wazee wa kanisa, na Neema huyu msomaji, asiache shule. Watoto wangu wanakusalimu kwa lugha yao.

Leo kabla sijaondoka, Mzee alinishika mkono akaomba nimpeleke gerejini. Aliketi mbele ya sufuria, akaweka kiganja chake kinachotetemeka juu ya mfuniko. Ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje. Nikangoja aseme. Akanitazama mimi, siyo sufuria, akauliza, "Bado?"

Nikasema bado.

Nisamehe kwa maneno ya siku ile uani.

Mimi mwanao,
Bisimwa