Ndera yote ni kijani

Alida weh, uko? Évode wangu kaumbuka leo!

Alienda Ndera mkutanoni. Watu wanaomba basi la alfajiri wafike kazini mjini. Na mama mkwe alikuwepo, si unajua anafagia barabara huko mjini, anatoka gizani kwa miguu.

Évode akafungua ile ramani aliyoichora kazini kwake, ya kupima nani anafika kazini kwa basi: kijani anafika, nyekundu hafiki. Ndera yote kijani. KIJANI, Alida! Kiongozi wa mtaa akasema, “Si mnaona? Mabasi yapo. Ombi limefungwa.”

Yani alipima mabasi ya mchana tu! Alikumbuka pale pale, amesimama mbele ya watu, mama yake anamtazama.

Mama akapiga makofi. Makofi! “Huyo ni mwanangu!” Ukumbi mzima ukamfuata.

Évode alitaka kusema, akaishia kukunja ramani. Kiongozi akafunga mkutano.

Sasa amekaa hapa, simu mkononi, hampigii mama amwambie ukweli. Mama ameshawaambia majirani, “Kama Évode amepima, basi lipo. Labda sisi ndio hatukujua kituo.”

Kesho gizani wanaenda kulitafuta.