Kichwa cha Treni Hakivuki Mpaka

2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu tele. U mzima? Huku hatujambo, ila Mama goti linamsumbua. Mdomo hauumwi hata kidogo! Kila siku anauliza dereva wake wa treni anakula nini huko kwenye hiyo nchi yenu mpya. Barua nampa muuguzi anayevuka na majeruhi wa kubadilishana.

Mimi bado nafunga reli. Daraja mlilotulipulia tumelisimamisha kwa siku tisa. Tisa, bwana! Mafundi wa kila mkoa hema moja, tukigombania blanketi. Rudi nyumbani.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, mwambie Mama nakula. Punguza majivuno! Tulijitenga ili tusiamrishwe kutoka mbali, na haturudi.

Shida ndogondogo hazikosi. Kila mkoa una gavana wake, na hakuna anayekubali kichwa chake cha treni kiingie mkoa wa mwenzake. Nikifika mpakani nasimama, tunashusha unga, tunangoja kichwa cha wenzetu. Juzi tulingoja siku nne, mvua ikanyesha, unga wote ukawa uji. Lakini tutashinda.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Goti la Mama lina nafuu. Nimemsomea barua yako, akacheka mpaka machozi, kisha akalia kweli.

Hivi huoni? Mliapa kwamba asiyependa kuamrishwa ajitenge. Haya, sasa kila gavana kajitenga na mwenzake! Mizinga yetu itakuta mmeshajimaliza. Na inakuja, hata sokoni wanajua jeshi litavuka daraja mwezi huu, na kituo chako kiko njiani. Reli itakayopitisha mizinga hiyo nimeifunga mimi, kwa mikono yangu. Silali vizuri. Toka huko, nakuomba.

Dada yako

23 Machi

Dada,

Shikamoo, na shikamoo tena. Niko hai!

Baada ya barua yako nilipakia unga wa askari wetu walio mbele, watu wanaochemsha majani ya porini kwa njaa. Mpakani gavana wetu akapiga simu: simama. Nikasema leo sisimami. Walinzi wetu wenyewe wakanifyatulia risasi, Dada, wa upande wangu! Nilipofika, askari walikula unga mbichi kwa viganja. Wakaniuliza treni inakwenda wapi. Nikasema nyumbani. Wakapanda mia sita, mashati meupe madirishani, tukavuka daraja lenu.

Jenerali wenu hakunifunga. Alijaza mabehewa unga akaniambia nirudi nao. Nimepita mikoa mitatu bila kusimama mpakani hata mara moja, na kila kituo askari wetu walizitupa bunduki wakashika bakuli. Vita vimekwisha!

Kituo cha mwisho alikuja gavana wetu mwenyewe na ndoo. Alipanga foleni. Zamu yake ilipofika hakunitazama usoni. Nilimjazia unga mpaka ukamwagika.

Mdogo wako