Goti la Haron

Apiyo usipige simu, siwezi kuongea. Soma tu.

Tuko Ogembo kwa shemeji yangu Brandon. Amenunua ule mchezo wa mpira wa kwa TV, ule hushiki kitu. Kamera inakuona, ukipiga teke hewani, mchezaji kwa skrini anapiga mpira.

Nilikuwa jikoni. Nikasikia kelele, nikatoka na thamosi ya chai mkononi.

Haron amesimama katikati ya sebule. Bila magongo.

Mume wangu, Apiyo. Huyu ninayemwogesha tangu aanguke na boda boda Januari. Huyu ninayemchumia majani chai yake shambani asubuhi kabla niende ofisi.

Akaruka. Akapiga teke na mguu ule ule wa kulia ulioumia, akafunga bao, akakimbia akizunguka meza. Alikimbia, Apiyo.

Halafu akaniona.

"Damaris, leo goti limepata nafuu kidogo."

Nafuu kidogo.

Mama mkwe hata hakushtuka. Aliendelea kumenya ndizi. Kumbe alikuwa anajua.

Sijalia. Nilimiminia kila mtu chai, hata Haron. Kisha nikatoka nje.

Amenifuata hapa nje sasa hivi, anatembea vizuri kabisa. Nimemuuliza kwa nini.

Akasema, "Tangu niumie, unaniongelesha vizuri."

Amerudi ndani.

Na ni kweli, Apiyo. Kabla ya Januari tulikuwa tunamaliza wiki nzima bila mimi kumsemesha.