Kamba ya Kasha Nimeifungua

Bagamoyo, kumi la katikati la Ramadhani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakushika miguu kama vile nimeketi hapo mkekani pako. Mwambie Athumani akusomee polepole, maana mdogo wangu huyu akiona mstari mrefu huuruka. Goti lako linasemaje baada ya mvua hizi? Umeweza kufunga, au umeambiwa ule ukakasirika? Mimi ni mzima wa mwili, na saumu naiweza.

Najua unachongoja kusikia. Nilikuahidi kwamba Idi hii nitaswali Kilwa pamoja nanyi. Nitakujibu, mama, lakini niache nifike taratibu, kwa sababu jibu lenyewe lilianza na neno moja la Kiingereza.

Yule Mwingereza ninayemfanyia kazi, ambaye watu wa hapa humwita Bwana Miwani, bado anaandika kitabu chake cha kufasiri maneno ya kwao kwa Kiswahili. Yeye hutaja neno, mimi humweleza sisi twasemaje, naye huandika. Maneno mengine huisha kabla wino haujakauka. Juma hili tumekwama kwenye neno "fast". Kwanza aliniambia maana yake ni kufunga saumu. Nikafurahi, nikasema hili nalijua, niko nalo tumboni. Kisha akasema neno hilohilo ni kwenda mbio. Chombo kilichofungwa gatini kisichukuliwe na maji, ni neno hilo. Mtu aliyelala usingizi wa pono, ni neno hilo. Na nguo ambayo rangi yake haichujuki, hilohilo pia.

"Bwana," nikamwambia, "wazee wenu walipungukiwa maneno?"

"Saidi, neno hili tumbo lake kubwa," akanijibu.

Kwa ile habari ya nguo alinituma dukani kwa Mhindi nikasikie wauzaji wenyewe wanasemaje. Mhindi akanitolea kaniki, akaapa kwamba hii haichujuki hata ikifuliwa na mvua ya mwaka mzima. Nikalowesha kidole nikaisugua. Kidole kikatoka cha buluu.

"Kidole chako kilikuwa hivyo tangu kwenu," akasema bila haya, na duka zima likacheka. Nikarudi na neno, na kidole, vyote viwili.

Siku ya pili yake Bwana alifungua kitabu kikubwa cha kwao akanieleza asili. Zamani sana, alisema, neno hilo lilikuwa na maana moja tu: kitu imara, kilichokazwa, kisichotikisika. Aliyeshika amri ya dini asile, wakasema amejikaza. Aliyekimbia bila kulegea, naye wakasema anakimbia kwa kukaza, na baadaye watu wakasahau kukaza, wakabaki na mbio. Nikamwambia, "Hata sisi, Bwana, tukitaka mtu aende upesi humwambia kaza mwendo. Na saumu tunaifunga, kama mzigo." Akapiga meza kwa furaha, miwani ikamdondoka. Mama, tangu nizaliwe sijaona mtu mzima akifurahi hivyo kwa maneno mawili. Na mimi nilifurahi kama yeye.

Hapo ndipo alipoziweka karatasi kando akanitazama. Akasema kazi haijafika hata nusu, na hataki kuimaliza na mtu mwingine. Nisiende Idi. Nikae mpaka kitabu kiishe, na hajui kitaisha lini. Nimjibu kabla mwezi haujaandama. Nilikwenda zangu chumbani.

Magharibi ndiyo saa mbaya hapa. Mchana nina kazi, tena Bwana ana adabu, chai yake huinywa chumba cha ndani nisiione. Lakini adhana ikilia, kila baraza hutandikwa mkeka, majirani huitana kwa majina, na mimi hukaa ndani na tende zangu na kata ya maji. Jirani yangu Fundi Shomari, seremala, aliniita tangu siku ya kwanza. Nilimwambia, "Ahsante, fundi, mimi mpita njia, msijisumbue." Basi mkewe, Bi Tatu, akawa ananiletea futari mlangoni: mihogo ya nazi, kunde, mara tambi. Nilikula, nikaosha sahani, nikaziweka. Ulinilea nijue kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu, nami sikuwa na cha kutia. Zikawa zinapandana.

Jioni hiyo ya maneno ya Bwana, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi! Mwenye duka yumo?"

"Duka gani, Bi Tatu?"

"Duka la sahani. Nimekuja kununua zangu, huko kwangu tunafuturia viganjani!"

Wazee barazani wakaangua kicheko. Nikamwomba radhi, nikamwambia nilikuwa natafuta cha kuweka ndani, tena mimi ni mpita njia tu.

"Mpita njia hupita, mwanangu," akasema. "Punda wa mume wangu ameshakwenda Fukayosi kuchukua mbao na kurudi, akaenda tena, akarudi tena, anakukuta wewe umesimama palepale. Sizichukui sahani. Zitakuja zenyewe, na kitu ndani."

Akaenda zake. Nikageuka nikaliona kasha.

Mama, lile kasha ulilonifungia ukaniambia nisilifungue mpaka nipate nyumba ya kukaa, sikuwa nimeligusa. Nilikuwa naishi kwa nguo za mkobani. Kila nikirudi kutoka kazini nililitazama fundo lako, nikajua kuwa ninyi mpo huko na mimi hapa nitaondoka nirudi kwenu. Nilijua pia kwamba ndani yake, chini kabisa, kimo kile kikaango cha vitumbua, cha kunipa kitu cha kutia sahanini.

Kesho yake baada ya alasiri nililitoa mlangoni nikalifungua. Chumvi ya bahari ilikuwa imelikaza fundo. Fundi Shomari akaninyooshea kisu, nikakataa. Nililegeza kwa kucha, nikiwaza vidole vyako ndivyo vilivyopita hapo mwisho. Nguo ya juu bado ilikuwa na harufu ya udi wako. Chini kabisa nikakikuta kikaango.

Vitumbua vya kwanza viliungua upande mmoja na vilikuwa vibichi upande wa pili. Bi Tatu alivitazama, akasema, "Vibaya. Lakini vimekuja." Magharibi nilifuturu barazani kwao. Walizungumza vizuri na mimi, na muda wote nilikuwa nasikiliza kama kuna sauti ya Kikilwa.

Basi hilo ndilo jibu langu, mama. Siji Idi hii. Bwana nimemwambia nitakaa. Hakunilazimisha; kazi hii naipenda, na sikujua kwamba mtu aweza kupenda kazi na kuumia nayo. Niwie radhi, uniombee dua.

Nisalimie shangazi anayekukandia goti, na mjomba wa msikitini, umwambie nimepata wa kubishana naye maneno. Mke wa Athumani mwambie aniandikie kiasi cha nazi katika vitumbua.

Kamba yako sikuikata. Nimeikunja, iko chini ya mto wangu. Siku nitakayolifunga tena kasha hili nitaifunga mwenyewe, na haitakazika kama ulivyoikaza wewe, lakini itafika Kilwa.

Mwanao,
Saidi