Keki Haikatwi Mpaka Kofia Ipinduliwe

Kumbukumbu ya Sajini Idalina Raposo

Idalina wetu, mwaka umezunguka tangu uliposimamisha beleshi la theluji mlangoni kwa mama yako, ukasema, "Mama, napumzika kidogo," ukapumzika moja kwa moja. Theluji imeanguka tena. Siku hizi anayeizoa ni mdogo wako Gil, na huacha nusu ya ngazi haijaguswa. Ungemsema.

Hatuandiki haya kwa kulia. Tumelia vya kutosha, na wewe hukupenda nyuso za msibani. Ulipenda supu ya sukuma wiki, soseji ziwe nyingi kuliko sukuma. Sikukuu ya Roho Mtakatifu ulicheza ukiwa na sare yako, ukacheka mpaka padri naye akashindwa kujizuia.

Ulikuwa sajini wa polisi, na masajini wenzako walikufanya msemaji wa chama chao. Majirani walimwuliza mama yako, "Hivi polisi mwenye cheo naye anahitaji mtetezi? Si yeye ndiye bosi?" Ukawajibu mwenyewe: "Bosi wa nani? Walio chini wana chama chao, walio juu wana meya. Sajini yuko katikati kama jibini kwenye mkate. Kila anayeuma anamkuta yeye."

Tunakumbuka ulivyosimama mbele ya baraza la mji. Askari uliowasimamia walilipwa saa za ziada, wewe uliyekesha nao hukulipwa, mwisho wa mwezi wakakuzidi. Ukasema, "Waheshimiwa, nimekuja kuomba mnishushe cheo. Na mimi nataka kula vizuri." Ukumbi mzima ukacheka. Walipomaliza kucheka wakaona aibu, na mwaka ule masajini wote wakaongezewa.

Lakini kilichokukaa rohoni ni kisa cha sajini mwenzako, Brendan Tierney. Mwenyewe ametuambia tukiseme. Siku aliyopata tepe zake tatu za usajini alitoka kwenye chama cha askari wa kawaida, maana mwenye cheo hakai humo. Cha masajini akasema atajiunga wiki ijayo. Wakakata keki. Wiki yenyewe haikufika: kwenye zamu yake mahabusu alianguka ngazini, akavunjika mkono. Kapteni wake akamwita, "Njoo tunywe kahawa, tuongee kirafiki tu." Tierney akaenda peke yake, akaongea mpaka kahawa ikapoa. Hata hapo ngazini hakuwepo, ila kila neno alilotoa liligeuzwa kamba ya kumfunga. Alisimamishwa kazi bila mshahara, na majira yote yale ya baridi aliyamaliza nyumbani.

Ulimfuata jikoni kwake. "Brendan, miaka yote unawatia watu pingu na kuwaambia wana haki ya kunyamaza. Yako uliiacha wapi?"

"Lakini mimi sikuwa na kosa!"

"Ndiyo hivyo! Mwenye kosa hukumbuka wakili. Asiye na kosa ndiye anayeropoka."

Wewe na Paquette, wakili wa chama, mlimpigania mpaka miti ilipoanza kuchipua, akarudi kazini. Tangu hapo ukaleta desturi yako. Kwenye sherehe ya cheo, keki haikatwi mpaka sajini mpya awe amejiunga na chama, kisha apindue kofia yake nawe uandike ndani namba ya simu ya wakili, kwa wino mweusi usiofutika. Kisu ulikificha mkobani. Watu wakipiga kelele, "Idalina, rudisha kisu!" wewe unajibu, "Leteni kofia!"

Jumamosi hii ni zamu ya Gil, naye polisi kama wewe, kuvishwa tepe za usajini. Mama yako alipomkumbusha kujiunga na chama, alisema, "Ah, Mama! Mimi na kapteni tunavua samaki pamoja."

"Na Tierney na kapteni wake walikunywa kahawa pamoja," mama yako akamwambia. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na kisu cha keki hukioni."

Akaondoka amenuna. Mama yako hakupata usingizi. Alijiona amesimama dirishani, kama alivyosimama mama yake Tierney mwaka ule, akimtazama mwanawe mtu mzima yuko nyumbani mchana, anazoa theluji ambayo haipo.

Nanyi wenye tepe mpya mnaosoma hapa, hakuna cha wiki ijayo. Ukiitwa kahawa, usiende peke yako. Hata kama anayekuita ni rafiki. Hasa kama ni rafiki.

Jana Gil alirudi. Kofia akaiweka mezani karibu na picha yako, ndani yake ikitazama juu. Halafu akasema, "Haya, Mama, andika. Nimeshajiunga."

Mama yako alichukua kalamu yako ileile. Saba yake ikafanana na moja, kwa hiyo ikabidi tupige simu kuhakikisha. Wakili Paquette akapokea: "Nani tena amekaangwa?"

"Hakuna," mama yako akajibu. "Ndiyo maana tumepiga."

Kisu kimetoka mkobani, Idalina. Kipande cha kwanza ni chako, na Gil ameahidi kuzoa ngazi yote.

Unakumbukwa na mama yako Deolinda, baba yako Norberto, mdogo wako Gil na mkewe Natércia, na Brendan Tierney, ambaye siku hizi ni mtoto wa nyumba hii. Kila kofia itakapopinduliwa, utakuwepo. Kukusahau hatuwezi.