Kiitikio Bila Beti

Rukia mwenzangu,

Tangu tukuzike sijapata nguvu ya kukwandikia. Leo nnaandika kwa sababu sauti yako ilikuwa ikipigwa Paje, na mimi ndiye niliyesababisha izimwe. Nataka ulijue hili kutoka kwangu.

Unaukumbuka ule wimbo tuliourikodi Kiembe Samaki, kwenye kile chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, kila ndege ikipita tunaanza upya? Ulichana beti tatu juu ya mama yako na wenzake wanaolima mwani: jua la migongoni, bei anayoipanga mnunuzi, kamba zao zinazokatwa na watalii wanaoteleza majini kwa vishada. Mimi nilikufuata kwenye kiitikio tu. Mwenye studio akakwambia upunguze maneno, watu wanataka kucheza. Ukamjibu, "Hip-hop tumeiazima kwa watu walioitumia kusema yao. Na sisi tusiposema yetu, tumeiazima ya nini?"

Ulipofariki, yule mwenye studio aliuuza wimbo. Aliyenunua ni didjei wa kizungu anayepiga kila Jumamosi alasiri kwenye hoteli moja, pale pale kijijini kwenu. Beti zote amezikata. Amebakisha kiitikio, "Mama toka majini," na kile kicheko chako cha mwisho, vinajirudia na kujirudia juu ya mdundo. Kwenye tangazo lake amejifunga kanga kichwani, na chini imeandikwa hip-hop halisi ya Zanzibar. Na wanaoucheza, Rukia, ni hao hao wa vishada.

Nikatoka Mjini kwenda kumkabili. Nilipita kwanza kwa mama yako, nikamkuta barazani ametega sikio upande wa hoteli. Nilimwamkia, akaniitikia kwa mkono tu, kama mtu asiyetaka kusemeshwa. Kumbe kila Jumamosi huacha shughuli zake akakaa pale.

"Mwanangu yule," akaniambia. "Ananiita."

Kitu kama hicho ningekizima vipi?

Ulimficha muziki wako kwa kuogopa atauona uhuni, basi hakujua kama wimbo una beti. Nikamwambia zipo. Akaniomba nimsomee. Nilizichana taratibu bila ya mdundo, na kule hotelini kicheko chako hakikomi. Nilipofika kwenye migongo nikakwama. Nikalia. Nikaendelea. Mama yako akasema, "Kumbe alikuwa ananisemea mimi." Akainuka, akajitanda vizuri. "Nenda kawaambie, Salma. Ama waupige wote, ama wauzime."

Yule didjei hakuwa mtu mkali, na hilo liliniuma zaidi. Alisema anakuheshimu sana, hata akanitaka nipande jukwaani niitikie. Lakini beti hapana, wageni wamekuja kupumzika. Nikamwomba basi anipe wimbo mzima nimpelekee mama yako. Akasema ameshaununua, ni mali yake. Nikamwambia mama wa huyu anayecheka yuko nyuma ya ukuta huu, anasikiliza. Hapo akainama, akauzima.

Hajaupiga tena. Wala hajanipa. Sijui nimeshinda nini. Mama yako hajanilaumu hata kidogo, ila Jumamosi ikifika bado hukaa barazani, na nnamwona anavyousikiliza ule ukimya. Nnajiuliza kama hatukukuzika mara ya pili.

Nikipata nafasi nnakwenda Paje. Ananiambia, "Haya, nipe maneno ya mwanangu," nami namchania kwa sauti yangu hii nzito, isiyofanana na yako. Beti ya tatu amekwisha kuishika. Tunaisema pamoja, yeye polepole, mimi namngojea.

Vijana wa Mji Mkongwe wameniita kwenye onyesho lao. Waliomba kitu kifupi. Nimewaambia ntasimama na beti tatu zako, na jina lako mbele, la sivyo sisimami. Bado hawajanijibu. Wakikataa, ntazisema barazani kwa mama yako, na kwa yeyote atakayetaka kukaa asikilize. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako: midomoni mwangu hutakatwa.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, mwenzangu. Pumzika.

Salma wako