Jaji Alikupa Bendera

Nordby, Minnesota
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo wote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti halikusumbui sana kwa baridi hii, na yule mama wa chumba cha jirani amekubali kupunguza sauti ya televisheni yake. Sisi huku hatujambo. Duane anatoka kabla ya jua kwenda kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani, anarudi amekakamaa kama gogo, lakini chakula kinamshuka. Kanituma nikuambie kwamba bado hajapata mpishi wa kukushinda wewe, maneno ambayo mimi mkewe nimeyameza kimyakimya. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu ya kuandika.

Ningepiga simu, lakini tumeshapigiana simu mara ngapi? Nikitaja tu usaili wa uraia unaniambia, "Lakini Marit, jaji alikupa bendera!" kisha unasema kahawa yako inachemka, unakata. Mama, kahawa gani hiyo inayochemka kila nikitaja serikali? Nimeona niandike barua, maana barua haikatiki. Hata ukiikunja ukaitia chini ya mto, utairudia tu, nakujua.

Basi habari yenyewe ndiyo hii. Jumatano ijayo, saa nne asubuhi, nitakaa mbele ya afisa wa uhamiaji kule Minneapolis. Ataniuliza maswali ya historia ya nchi na ya serikali, halafu atapekua maisha yangu. Nikipita, nitaapishwa na kuwa raia. Nisipopita, mimi niliyeletwa hapa hata kutambaa sijajua, nisiyejua kuomba maji kwa Kikorea, naweza kuambiwa nirudi kwetu, na kwetu kwenyewe wanamaanisha Seoul. Curtis anasema nakuza mambo. Kaka yangu nampenda, lakini yeye hajawahi kuulizwa na mtu katoka wapi.

Sikulaumu, Mama, wala simlaumu Baba, Mungu amrehemu. Mlikwenda mahakamani mkiwa mmevaa nguo za Pasaka, jaji akagonga meza, akasema huyu sasa ni Tollefson, akanipa kibendera cha karatasi na mimi nikakitia mdomoni. Umenisimulia hivyo tangu nikiwa mdogo. Mchungaji akatangaza kanisani kwamba amezaliwa Mmarekani mpya, kina mama wakaoka keki. Nani angedhani bado kuna kazi? Kumbe jaji alinipa wazazi tu. Nchi ilikuwa na maombi yake ya peke yake, na hakuna aliyewaambia. Wilaya nzima ilikosea pamoja nanyi, na keki ikaliwa.

Tangu vuli nasoma. Mwanzoni nilifungua mtandao kama mtu anayeingia duka asilolijua. Tovuti ya kwanza ilijaa bendera zinazopepea na tai anayelia, na kabla haijaniambia rais wa kwanza ni nani ilitaka namba ya kadi yangu ya benki. Ya pili ilikuwa ya bwana mmoja anayejirekodi kwenye gereji yake, anapiga kelele kwamba majibu ya kweli yanafichwa na ni yeye tu anayeyajua. Nilimsikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, nakiri. Nilipomweleza Duane aliyoyasema, akaniuliza kama nimepanga kwenda kwenye usaili au kwenye vita.

Ni msichana wa maktaba aliyenionyesha njia. Aliniandikia anwani chache: ukurasa wa serikali wenyewe wenye maswali yote na sauti ya kuyasoma, nyaraka za taifa zenye Katiba kwa mwandiko wa wakati ule, na masomo ya video yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa darasa la tano. Hayo ya watoto ndiyo yaliyonifaa. Kuna kikaragosi cha nyuki anayeeleza jinsi mswada unavyokuwa sheria, na sasa kila nikiwaza Bunge la Seneti nasikia mvumo. Yote haya ni bure, Mama. Tulikaa miaka yote hii na hazina kama hiyo, sisi tunaangalia mashindano ya kuoka.

Saluni nako hakukaliki. Niliwaambia wateja namsaidia rafiki yangu kujisomea, Mungu anisamehe. Siku moja niliacha tableti wazi, na LaVonne, mwenye rola kichwa kizima, akaanza kumhoji Bernadine aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia. Kamuuliza Katiba ina marekebisho mangapi. Bernadine akasema kumi. LaVonne akamcheka, "Kumi ni amri za Mungu, shoga, unachanganya na kanisa!" Bernadine naye akamtaka ataje mwandishi mmoja tu wa yale makala ya kuitetea Katiba, LaVonne akamtaja mwalimu wetu wa zamani wa kwaya. Tulicheka mpaka nikaunguza sikio la mtu. Halafu Bernadine akajifuta macho akasema, "Sisi bahati yetu tumezaliwa hapa. Wangetuuliza, tungefukuzwa wote." Wakaendelea kucheka. Mimi nikaingia stoo nikajifanya natafuta taulo.

Kila Jumanne jioni tuna darasa la mtandaoni la wilaya. Anafundisha Bwana Szymanski, mwalimu mstaafu ambaye paka wake hupita mbele ya kamera kila anapofika kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Yeye ndiye aliyetupeleka kwenye picha za kale za Maktaba ya Taifa, akasema maswali mtayakariri, lakini someni nanyi mjue mnaapia nini. Huko nikasoma kwamba kwa muda mrefu sana sheria ya nchi hii ilikataza watu wenye sura kama yangu kuwa raia, hata wakae hapa mpaka wazeeke. Shuleni Nordby hatukufundishwa hilo. Tulifundishwa bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani na kofia nyeusi za walowezi wa kwanza.

Unazikumbuka zile kofia? Mimi nimezikumbuka mbele ya skrini, nikashindwa kuendelea na somo. Mwezi wa Novemba, darasa la pili, mwalimu aligawa kofia za karatasi kwa watoto wote wawe walowezi, ila mimi akanipa manyoya ya wenyeji wa asili kwa sababu ya nywele zangu. Nilirudi nyumbani nayo, ukayaona yale manyoya. Kesho yake ulivaa koti lako la bluu, lile la mazishi na mikutano ya benki, ukaenda shuleni. Sijui ulimwambia nini mwalimu. Najua tu ulitoka na kofia mkononi, ukanivisha mbele ya darasa zima, ukasema, "Huyu ni wa kwangu. Meza tunayokaa sisi na yeye anakaa." Ukaondoka bila kumuaga mtu. Ile nguvu yako ndiyo ninayoitafuta sasa hivi, Mama, na siioni kwenye simu.

Maana maswali ya historia hayanitishi tena. Wanauliza kumi, ukipata sita yanatosha, na Duane akinihoji mezani napata yote hata akiwa amejaza viazi mdomoni. Kinachoninyima usingizi ni swali jingine, lile la kwenye fomu ya maombi linalouliza kama umewahi kupiga kura. Asiye raia akipiga kura ni kosa la kufukuzisha mtu nchini. Na mimi, Mama, nimepiga kura tangu siku niliyotimiza miaka kumi na minane, wewe mwenyewe ukinishika mkono kuingia ukumbi wa chini wa kanisa. Sijakosa uchaguzi hata mmoja, hata ule wa bodi ya maji.

Duane, kwa mapenzi yake, aliniambia niandike hapana. "Nani atajua?" Nikamwambia, mume wangu, mimi ndiye niliyekuwa nagawa kahawa na vibandiko vya "Nimepiga kura" pale mlangoni, hata mbwa wa Nordby wanajua. Lakini hata kama asingejua mtu, nisingeweza kuanza uraia kwa uongo. Niliandika ndiyo.

Wakili niliyemwendea anasema sheria imeacha mlango mwembamba kwa watu wa aina yangu: mtoto wa kulelewa, wazazi wake wote wawili raia, aliyekulia hapa na kuamini kwa dhati kwamba ni raia. Lakini imani haionekani kwa macho, lazima mtu aishuhudie, na Baba hayupo. Umebaki wewe. Wakili anataka uje wewe mwenyewe Jumatano, ukae karibu yangu, useme mlivyoamini na mlivyonifundisha kuamini. Nilimtuma Curtis akuombe, na jibu alilorudi nalo ni kwamba umesema mambo haya yote yameletwa na kuomba pasipoti ya safari ya Norway, niachane na Norway, nitulie nyumbani, yataisha yenyewe.

Hayataisha. Waliponinyima pasipoti walishaniandika, siwezi tena kurudi kujificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeyaficha bila kujua kwamba ninaumwa.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua kama paka na maji. Haikuwa Norway, Mama.

Kundi la kanisa linakwenda Norway kweli, na LaVonne ananunua soksi za sufu kila wiki. Mimi sikuwamo. Pasipoti niliiomba niende Seoul. Nilitaka kukaa wiki mbili tu, nione ile nyumba ya watoto mlikonitoa, kama ingali imesimama, niulize kama yupo anayemkumbuka mwanamke aliyenipeleka pale. Nilikuambia Norway kwa sababu ulifurahi sana, ukaanza kunitajia majina ya shangazi zako, nami nikakosa ujasiri wa kukuvunja. Sasa tazama mambo yalivyo. Nilitaka kwenda kule wiki mbili, na leo naogopa kupelekwa moja kwa moja.

Najua unaloogopa, na mimi naliogopa pia. Lakini sikukusudia kutafuta mama wa kuweka mahali pako. Nilitaka tu kumwambia yule mwanamke, kama yu hai, kwamba nililala pakavu, nilikula nikashiba, na palikuwa na mtu wa kuvaa koti la bluu kwa ajili yangu. Nadhani angependa kujua. Wewe ungekuwa yeye, usingependa?

Nimejaribu kukisoma kile kiapo kwa sauti jikoni. Kinanitaka niikane nchi yoyote ya kigeni niliyokuwa chini yake. Kila nikifika hapo naiweka karatasi mezani. Nikamuuliza Bwana Szymanski baada ya darasa, wenzangu wakiwa wamekwisha kuondoka, kama kiapo kinanitaka nimkane na mtu. Alimshusha paka mezani kwanza. Akasema hapana, kinataja wafalme na serikali, akina mama hawamo. Nililia palepale mbele ya kamera, mwanamke mzima, na yeye akajifanya anatafuta miwani yake. Kwa hiyo nitaapa, Mama, wakiniruhusu. Nitaapa kwa moyo mweupe, na nitabaki na akina mama wawili.

Ukikasirika, kasirika. Una haki. Ila nakuomba ukasirikie ndani ya gari, njiani kwenda Minneapolis. Kuna mwendo mrefu, utanigombeza mpaka uchoke, na nitabeba kahawa na lefse, zile chapati zetu za viazi, zenye siagi na sukari jinsi unavyozipenda. Tukifika, utaingia uwaambie mimi ni wa nani, kama ulivyowaambia siku ile. Bendera iache, haina kazi pale. Njoo na koti.

Curtis na mkewe wanakusalimu. LaVonne na Bernadine pia, nao nitawaambia ukweli wiki hii kabla hawajaniuliza "rafiki yangu" amefaulu au la. Mungu akulinde na utelezi, usitoke nje bila fimbo.

Duane ataleta gari mlangoni kwako Jumatano saa kumi na moja alfajiri, nami nitakuwa nimekaa kiti cha nyuma, cha mbele nimekuachia wewe. Tutangoja mpaka taa ya chumba chako iwake. Isipowaka tutakwenda wenyewe, nitajibu maswali yao yote kadiri nijuavyo, na vyovyote watakavyoamua nitaendelea kuwa

mwanao,
Marit